Nia ya Chuki na Kipimo cha Adhabu



Nimeombwa nizungumzie swali linalozuka kila mara mtu anapopigwa katika mitaa yetu: je, aliyempiga mwenzake kwa sababu ya kabila lake astahili adhabu kubwa kuliko aliyempiga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba? Wako wasemao la. Mkono uliovunjika, wasema, huuma sawasawa, na hakimu hana mizani ya kupimia moyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 9, yatamka kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda kosa haihusiki katika kuamua hatia yake, isipokuwa sheria imeagiza vinginevyo. Lakini hapo panasemwa habari ya hatia. Kiasi cha adhabu ni jambo la pili. Kosa la kumjeruhi mtu mwilini, kifungu cha 251, lina kifungo cha hadi miaka 5, na neno hilo "hadi" ndilo limpasalo hakimu kutazama mazingira yote.

Shauri lililoichambua hoja hii kwa makini lilitokea Marekani. Mwezi Oktoba 1989, mjini Kenosha, jimbo la Wisconsin, vijana weusi walikuwa wakizungumzia filamu iliyoonyesha mzungu akimpiga mtoto mweusi aliyekuwa akisali. Hasira zikawapanda. Mvulana mzungu wa miaka 14 akapita ng'ambo ya barabara. Hakuwa amewakosea lolote. Wakampiga hata akalala siku 4 bila fahamu. Kosa lile lilikuwa na kifungo kisichozidi miaka 2. Kwa kuwa ilithibitika kwamba mvulana alichaguliwa kwa ajili ya rangi yake, kiwango cha juu kikapanda hadi miaka 7, na kijana aliyewachochea wenzake akapewa 4. Mwaka 1992 mahakama kuu ya jimbo ikatengua nyongeza hiyo, ikisema kwamba mtu anaadhibiwa kwa mawazo yake. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, ikakataa: kinachoadhibiwa ni tendo, na tendo la namna hiyo hudhaniwa kuleta madhara makubwa zaidi. (Msipite haraka hapa: aliyelindwa katika shauri hilo ni mzungu. Sheria ya namna hii haina kabila.)

Kwetu sisi hili si geni. Kanisa hulipima tendo kwa kulitazama lenyewe, kusudi la mtenda, na mazingira yake.

Tena fikirini madhara. Mtu akipigwa kwa ajili ya mpaka, majirani wasiohusika hulala usingizi. Akipigwa kwa kuwa ni wa kabila fulani, usiku ule ule nyumba zote za kabila lile hufunga milango mapema, na wengine huanza kufunga mizigo. Waliokuwa Bonde la Ufa mwaka 1992, au Januari 2008, hawahitaji kuelezwa.

Ndiyo sababu naona shaka juu ya desturi yetu ya kupatanisha upesi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 176, yairuhusu mahakama kuhimiza mapatano na fidia katika makosa ya binafsi yasiyo mazito. Wazee hukaa, mbuzi hutolewa, kesi huondolewa. Kwa ugomvi wa mpaka, vema. Lakini pigo la kabila si la binafsi: aliyepokea mbuzi ni mmoja, waliotishwa ni wengi, nao hawakuitwa barazani.

Hata hivyo, tofauti ya kabila kati ya mpigaji na mpigwa si ushahidi, na lawama ya ukabila hutamkwa kwa wepesi mno kwetu. Kinachotakiwa ni maneno yaliyonenwa wakati wa tukio. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayekwenda polisi kuandikisha maelezo asiishie kwenye jeraha. Aeleze na alichosikia, neno kwa neno, bila kutia chumvi. Naye akiwa wa kabila la mpigaji, hakimu atakuwa na sababu zaidi ya kumsadiki.