Kubadili Valvu za Redio za Zamani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Leo hatuna neno la mishahara. Tumeombwa tuseme juu ya redio za valvu, zile za miaka ya 1950 tulizoachiwa na wazee wetu, maana nyingi zimenyamaza nyumbani.

Valvu zake si rahisi kupatikana siku hizi, basi fundi hutafuta nyingine badala yake. Lakini kufanana kwa umbo si kufanana kwa kazi. Sisi wa reli twajua: behewa la njia ya zamani halipiti juu ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ingawa yote ni mabehewa.

Kwanza, someni jina. Katika valvu za Ulaya, herufi ya kwanza yaeleza umeme wa kupasha moto. E ni volti 6.3, P ni ampea 0.3, U ni ampea 0.1. ECL82, PCL82 na UCL82 zina miguu sawasawa na kazi moja, walakini ya kwanza yataka volti 6.3, ya pili 16, ya tatu 50. Ukizichanganya, ama haitapata moto, ama itaungua.

Pili, yako majina mawili ya kitu kimoja. EL84 ndiyo 6BQ5 ya Marekani. ECC83 ndiyo 12AX7. Msikubali kutozwa zaidi kwa ajili ya jina.

Tatu, tazameni nguvu. EZ80 hutoa miliampea 90, EZ81 hutoa 150. EZ80 isiwekwe mahali pa EZ81. Na EZ81 yala ampea 1 ya moto, mwenzake 0.6, basi transfoma iweze kuchukua mzigo huo.

Nne, katika redio za U, moto wa valvu zote hupita kwa msururu mmoja. Moja ikikatika, zote huzimika. Basi pimeni moja moja. Msiuziwe tano kwa kosa la moja.

Mwisho, ndugu zetu, ndilo kubwa. Redio hizo za U hazina transfoma ya kuzitenga na stima. Fremu ya chuma yaweza kuwa na umeme wa volti 240. Chomoeni plagi kabla ya kufungua, tena mjue kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Redio ikifa, yatengenezwa. Mtu akifa, watoto wake hawalishwi na redio.