Miwani ya Zamani na Macho ya Leo

Somo: Marko 8:22–26

 

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia mstari wa 22. Wenye Biblia karibu na waifungue. Na kama yuko mmoja ambaye ameipeleka Biblia mbali na uso wake, mpaka mkono ukaisha urefu, huyo ndiye nataka kusema naye hasa siku ya leo.

Katika makanisa yetu jambo hili twaliona mara nyingi. Mzee wa kanisa anaitwa kusoma Neno. Anafika mbele, anatoa miwani mfukoni. Mkono mmoja wa miwani ulivunjika zamani, umefungwa kwa uzi. Anaivaa, anakunja uso, anaigeuzia Biblia dirishani apate mwanga. Kisha anasoma Zaburi ya 23 bila kukosea hata neno, kwa maana anaijua kwa moyo tangu utoto wake. Watu wote wanaitika Amina. Lakini siku akipewa kitabu cha Habakuki, mzee anasema koo lake lina mafua, afadhali kijana mmoja asome badala yake.

Ndugu zangu, tusimcheke. Miwani ile ilikuwa nzuri siku alipoinunua. Alisoma nayo barua, akahesabu nayo kilo zake za majani chai kwenye risiti ya karani, akamsomea mkewe Injili jioni. Miwani haikumdanganya. Wala herufi za Biblia hazikupungua. Jicho ndilo lililobadilika, na miwani imebaki pale pale.

Yafaa tujue jinsi jambo hili linavyotokea, ili tusilidhanie kuwa laana au ugonjwa wa aibu. Ndani ya jicho mna lenzi ndogo. Katika ujana lenzi hiyo ni laini. Ukitazama mlima inajinyoosha, ukitazama sindano inajikunja, nawe huna habari. Miaka inavyopita lenzi hiyo inakuwa ngumu kidogo kidogo. Ufikapo umri wa miaka 40 hivi, au kupita kidogo, haiwezi tena kujikunja vya kutosha kwa vitu vya karibu. Hapo ndipo mtu anaanza kunyoosha mkono. Na ugumu huo hauishii hapo. Unaendelea mpaka karibu na miaka 60 au 65. Kwa hiyo miwani iliyomfaa mtu mwenye miaka 45 haitamtosha akiwa na 55. Namba yake imekuwa ndogo.

Wengine husema, "Nikibadilisha miwani kuwa kali zaidi, macho yatazoea na kuharibika." Sivyo. Kwa mtu mzima miwani ya kusomea haiharibu jicho, wala kukataa miwani hakulitii jicho nguvu. Lenzi ya jicho itazidi kuwa ngumu, uvae miwani au usivae.

Basi, mtu atajuaje kwamba wakati wa kubadilisha miwani umefika? Ziko dalili zilizo wazi. Ikiwa ukiwa na miwani bado unasogeza karatasi mbali. Ikiwa kichwa kinakuuma au macho yanachoka kila baada ya kusoma au kushona. Ikiwa unakaza macho, au unatafuta taa kubwa zaidi kuliko mwaka jana. Ikiwa unamwomba mjukuu akusomee ujumbe wa pesa kwenye simu, na kumbe miwani iko juu ya pua yako. Ikiwa kioo kimekwaruzika hata mwanga wa jua unatawanyika mbele yako, au fremu imepinda, kioo kimoja kikawa juu na kingine chini. Katika hayo yote miwani inasema nawe: kazi yangu imekwisha.

Lakini msikilize vizuri, kwa maana hapa pana hatari. Si kila ukungu huondolewa na miwani mpya. Yuko mtu ambaye amenunua miwani sokoni mara tatu, kila mara namba kubwa zaidi, na bado haoni. Huenda ni mtoto wa jicho, na dawa yake ni upasuaji, si miwani. Huenda ni presha ya macho, ambayo yaweza kula pembe za jicho polepole pasipo maumivu yoyote. Na kilicholiwa hakirudi tena, ila kinachosalia chaweza kulindwa kwa dawa. Huenda ni sukari mwilini, ambayo ikipanda na kushuka hubadilisha macho wiki kwa wiki. Na mtu akiona umeme ukimulika ndani ya jicho, au madoa meusi mengi yakitokea ghafla, au jicho likimwuma na kuwa jekundu huku haoni sawasawa, huyo asingoje siku ya soko. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana si vema kurithi miwani ya marehemu baba, wala mume na mke kuvaa miwani moja kwa zamu, na kuhesabu kwamba shauri limekwisha. Miwani ya kusomea ya sokoni yaweza kumsaidia mtu, lakini haiwezi kulitazama jicho lenyewe. Aliyepita miaka 40 na apimwe macho kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mtoto wa shule mwenye miwani na apimwe kila mwaka, kwa kuwa jicho lake linakua pamoja na mwili wake. Sisi wa sehemu hizi tuna neema. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ambayo ilianzishwa na wamisionari mwaka 1937, ina idara ya macho, na wengi waliokwenda pale wakishikwa mkono wamerudi nyumbani wakitembea peke yao.

Huenda mmoja atauliza, "Mhubiri, mbona leo wahubiri miwani?" Ndugu, sikuanza mimi. Mnamo tarehe 23 Februari mwaka 1306, katika mji wa Florence huko Italia, mtawa mmoja aitwaye Giordano wa Pisa alihubiri watu, na katika mahubiri yake akataja kwamba ufundi wa kutengeneza miwani ulikuwa haujatimiza miaka 20 tangu kupatikana. Akausifu kuwa miongoni mwa ufundi bora na wenye manufaa duniani. Neno lile la mimbarini ni mojawapo ya ushuhuda wa kwanza tulio nao juu ya miwani. Basi tangu mwanzo miwani imepata nafasi kanisani.

Tena ni jambo la mkate wa kila siku. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Assam, nchini India, kati ya wachumaji 751 wa majani chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Wengine walipewa miwani rahisi ya kuonea karibu, wengine wakangoja mpaka uchunguzi uishe. Waliopewa walizidisha uchumaji wao kuliko wenzao kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Ninyi wa nchi ya chai mwaelewa upesi. Majani mawili na kichipukizi, hilo si jambo la vidole tu, ni jambo la macho. Na Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2019 kwamba watu zaidi ya milioni 800 hawaoni vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri tu, na hawana miwani ya kuwafaa. Ni kioo kidogo tu wanachokikosa.

Sasa turudi Bethsaida. Watu walimleta kipofu kwa Yesu. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamgusa macho. Kisha akamwuliza kama anaona kitu. Angalieni jibu la mtu huyu. Angeweza kusema, "Naona, Bwana, asante sana," akaenda zake. Watu wangalishangilia. Naye kweli alikuwa anaona kuliko jana. Lakini alisema ukweli: alikuwa anaona watu, ila walionekana kama miti inayotembea. Hakuona haya kumwambia Mponyaji kwamba bado. Na kwa sababu alisema bado, aliwekewa mikono mara ya pili, akaona kila kitu waziwazi.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo. Anayejua wakati wa kubadilisha miwani ni yule anayejibu kweli anapoulizwa kama anaona.

Mtazameni mwingine, Isaka, katika Mwanzo sura ya 27. Macho yake yalikuwa yamefifia. Mtoto alipomjia, Isaka alitia shaka. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Yakobo, ijapokuwa mikono aliyoipapasa ilikuwa na manyoya kama ya Esau. Shaka ile ilikuwa mlango wazi. Angaliweza kumwita mtu mwenye macho amtazamie. Hakumwita. Akabariki asiyemkusudia, na nyumba yake ikagawanyika kwa miaka mingi.

Je, hayo hayatokei kwetu? Mzee analetewa karatasi ya shamba aweke sahihi. Herufi ni ndogo kama chungu. Anatia shaka, lakini anaona aibu kusema mbele ya wanawe na wageni kwamba haoni. Anaweka sahihi. Baadaye inajulikana kwamba ekari mbili ziliandikwa nne, na watoto wa tumbo moja hawasalimiani tena. Kogo naye anampa mjukuu dawa ya kikohozi usiku, na kipimo kilichoandikwa kwenye chupa hakukisoma, alikikisia. Wapendwa, aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko majuto ya miaka kumi. Sema tu, "Ngojeni, sioni, nisomeeni mbele ya shahidi." Kusema hivyo hakumpunguzii mzee heshima. Kunamwongezea.

Tena yako macho ya ndani. Wako kati yetu waliookoka wangali vijana. Siku zile Neno lilikuwa wazi kama jua la asubuhi juu ya chai. Tangu hapo miaka 30 imepita, na moyo, kama lenzi ya jicho, umekuwa mgumu kidogo kidogo pasipo maumivu. Tunasoma yale tu tunayoyajua kwa moyo. Vijana wetu tunawaona kama miti inayotembea. Hatuwaoni nyuso zao, wala machozi yao, wala shida yao ya kukosa kazi. Mwenzetu aliyekosana nasi mwaka ule, bado tunamtazama kwa miwani ya mwaka ule, ijapokuwa Mungu amekwisha kumbadilisha. Kisha twasema, "Siku hizi mahubiri hayana nguvu, Biblia haisemi nami kama zamani." Ndugu, herufi hazikupungua. Neno ni lile lile. Nenda ukapimwe.

Na kupimwa huko kwafanyika wapi? Kwafanyika pale Bwana alipompeleka kipofu yule, nje ya kijiji, mahali pa faragha, penye maombi na ungamo. Usione haya kuguswa mara ya pili. Neema uliyoipata kwanza haikuwa bandia. Yule wa Bethsaida aliguswa mara mbili na mkono ule ule.

Mwisho nasema na wenye macho mazuri. Kipofu yule hakufika peke yake, aliletwa na watu. Ninyi wana na mabinti, mkirudi nyumbani kutoka Nairobi au Nakuru, msilete sukari na mkate tu. Mpeni mzee gazeti asome, mtazame mkono wake unakwenda umbali gani. Mkiona, msimwaibishe, mpelekeni. Nanyi mashemasi, mkiwatembelea wajane wa kanisa, ulizeni habari ya macho yao kama mnavyouliza habari ya paa la nyumba. Pesa za miwani ya kusomea si nyingi, kikundi cha akina mama chaweza kuzichanga. Mjane akirudi kusoma Biblia yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, hiyo ni sadaka iliyofika.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyemwuliza kipofu wa Bethsaida kama anaona, utuulize na sisi leo. Utuondolee haya, tukujibu kweli. Uwabariki waganga na wauguzi wa macho katika kazi yao. Uwalinde wazee wetu wasidanganywe kwa sababu ya macho yao. Na pale tunapowaona watu kama miti, utuguse tena, hata tuwaone waziwazi kama unavyowaona wewe. Amina.

Mungu awabariki, mpaka tutakapokutana tena.