Mgonjwa wa kiharusi asifungwe kitandani

Mtu akirudi kutoka hospitali baada ya kupatwa na kiharusi, mguu mmoja mzito na mkono umelegea, ndugu humtandikia kitanda wakampangia mito. Hulishwa, huvishwa, hubebwa hadi chooni. Akijaribu kuinuka, watu watatu humdaka: "Mzee, pumzika." Ni mapenzi, silaumu. Lakini mapenzi ya namna hii huudhoofisha hata ule mguu mzima.

Kiharusi hakivunji mguu. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamrisha. Ubongo uliosalia unaweza kujifunza kazi hiyo kwa kurudiarudia, siku baada ya siku. Kuchuliwa na mafuta kunampa mgonjwa raha, hakumfundishi kusimama.

Nasikia familia zinazofikiria kuuza kiwanja ili mgonjwa apelekwe ng'ambo kwenye mashine. Subirini kwanza. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata wagonjwa 408. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, miili yao ikiwa imeshikiliwa na kamba. Wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu wa viungo, wakafanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Mpango ulikuwa vipindi 36 vya dakika 90. Mwaka ulipotimia, mashine haikuwa imeshinda. Zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na hata walioanza mashine baada ya miezi sita hawakuachwa nyuma.

Kwa hiyo mtafuteni mtaalamu wa viungo katika hospitali ya karibu, ampime mgonjwa na awafundishe ninyi mnaoishi naye. Mara nyingi huanza na kiti kigumu: kuinuka na kukaa, mara nyingi, uzito ukiingia pia mguu dhaifu. Kisha kusimama mbele ya meza imara na kuhamisha uzito kushoto na kulia. Msaidizi akae upande dhaifu, ashike kiunoni. Asivute mkono uliolegea, bega litaumia. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Kupanda ngazi hutangulia mguu mzima. Kushuka, ule dhaifu.

Kandambili na mikeka inayoteleza viondoke. Na taa iachwe ikiwaka usiku, maana safari ya chooni ndiyo mgonjwa huifanya bila kumwamsha mtu.