Chakula na Uzito wa Vijana



Katika Paya, na kuelekea Tororo hata Busia mpakani, wako wazazi wanaouhesabu unene kuwa dalili ya neema, na wembamba dalili ya maradhi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilihesabu, kwa mwaka 2022, zaidi ya watoto na vijana milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito. Wala si wa Ulaya peke yao.

Soda ya nusu lita aghalabu huwa na sukari ya gramu 50 hivi, yaani vijiko vya chai kumi na zaidi. Kijana ainywapo kwa futari, pamoja na sambusa na mandazi, hudhani amerudisha nguvu za saumu. Kumbe amepita kiasi, na israfu ya kula na kunywa imekatazwa katika Suratul Aaraf, aya ya 31. Uji wa ulezi, kunde na dagaa vipo sokoni pale pale.

Msichana achekwaye kwa unene, akaacha kula ili akonde, naye yumo hatarini. Mifupa yake ingali inakua, na hedhi humpunguzia madini ya chuma, ambayo ndiyo kiini cha damu. Asidhihakiwe, apelekwe kituo cha afya akapimwe kwa umri wake, maana kipimo cha mtu mzima hakimfai.