Mkuki Urudishwe kwa Mfalme

Dominika ya Saba ya Mwaka C
Masomo: 1 Sam 26:2, 7-9, 12-13, 22-23; 1 Kor 15:45-49; Lk 6:27-38



Somo la kwanza la Dominika hii latupeleka kambini usiku. Sauli, mfalme wa Israeli, ameshuka katika jangwa la Zifu na watu wateule 3,000, akimtafuta kijana mmoja ili amwue. Sasa amelala, na mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake. Daudi na Abishai wapenya kati ya askari waliolemewa na usingizi, hata wasimama juu yake. Abishai anaomba ruhusa ya kupiga pigo moja tu, maana la pili halitahitajika. Daudi akakataa. Akauchukua mkuki na gudulia la maji, wakaenda zao.

Ili tuuelewe uzito wa usiku ule, yatupasa kukumbuka Sauli alikuwa nani kwa Daudi. Hakuwa mfalme wa kusikika kwa mbali. Ndiye aliyemtoa machungani, akamketisha nyumbani mwake asirudi tena kwa baba yake, akampenda, akamfanya mchukua silaha zake, akampa kikosi cha askari na akamwoza binti yake. Ndiye pia aliyemtupia mkuki zaidi ya mara moja, wakati kijana anampigia kinubi ili roho yake itulie. Basi yule aliyesimama gizani alikuwa akimtazama mtu aliyemlea, na ambaye hangeweza kumwamini tena.

Sisi tukaao kandokando ya ziwa hili tunazo habari zinazofanana na hizo, na sehemu yake kubwa ilipita katika fukwe zetu wenyewe. Kila mwaka tarehe 3 Juni twawaadhimisha Mashahidi wa Uganda. Twawataja Karoli Lwanga na wenzake, twaimba, twarudi nyumbani. Lakini mara chache twajiuliza vijana wale walikuwa nani kwa mfalme aliyewaua.

Walikuwa watoto wa ikulu. Katika Buganda ya zamani, mzazi aliyetaka mwanawe afike mbali alimpeleka kwa Kabaka angali mdogo. Vijana hao, walioitwa bagalagala, walikula chakula cha mfalme, wakajifunza humo adabu, usemi, mieleka, mkuki, na baadaye bunduki. Kutoka kwao walipatikana machifu na majemadari. Wengine walikuwa mateka wa vita, kama Andrea Kaggwa aliyetekwa Bunyoro akiwa mtoto. Hao hawakuwa na nyumba nyingine duniani ila ikulu.

Kabaka Mwanga alirithi kiti cha baba yake Muteesa mwezi Oktoba 1884, akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi. Tusilisahau jambo hili: mfalme naye alikuwa kijana, rika moja na wengi wa wale waliomtumikia. Tena hakuanza kama adui. Mapadre Weupe walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882 wakaja upande wetu huu wa kusini, wakafungua misioni ya Bukumbi mwaka 1883. Mwanga ndiye aliyewaita warudi, na Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alirudi kwake mwaka 1885.

Kisha hofu ikamwingia mfalme. Wazungu walikuwa wakigawana nchi za pwani, na ikaaminika kwamba watakaoimeza Buganda watatokea mashariki. Askofu Hannington wa Kianglikana alipokuja kwa njia hiyo, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga tarehe 29 Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa ikulu, alimwambia mfalme waziwazi kwamba amekosa. Aliwakinga pia vijana wadogo na maovu ya mwili ambayo mfalme aliwataka. Tarehe 15 Novemba mwaka ule ule akauawa, naye kabla ya kufa aliagiza mfalme aambiwe kwamba amemsamehe, ila atubu. Tuyatazame yote mawili katika ujumbe huo mmoja: msamaha, na kosa kuitwa kosa.

Wako waliosema wakati ule, na wangalipo wanaosema hata leo, kwamba vijana wale hawakuwa na fadhila. Kwamba shukrani ya punda ni mateke. Wahenga wetu wana neno bora kuliko hilo: mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Mwezi Mei 1886 mfalme alipowaita ikulu, waliitika. Alipowaamuru wanaosali wajitenge na wengine, Lwanga alitangulia kujitenga, na Kizito, mtoto wa miaka kumi na minne hivi, akafuata. Hawakuinua mkono. Mmoja wao, Yakobo Buzabalyawo, alipitishwa mbele ya mfalme akiwa amefungwa kamba, akamwahidi kwamba anakwenda kumwombea mbinguni. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Wakatoliki waliouawa katika dhuluma ile na kutangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964 ni 22. Pamoja na ndugu wa Kianglikana wafia dini wanaokumbukwa ni 45.

Hapo ndipo mafundisho yetu mengi huishia. Tungependa leo tuendelee mbele kidogo, kwa sababu si kila aliyeteswa mwaka 1886 alikufa.

Alikuwako kijana jina lake Honorati Nyonyintono. Naye alikuwa mtumishi wa ikulu, naye alikuwa Mkatoliki. Hakuchomwa moto, alihasiwa kwa amri ya mfalme. Akapona, na tena akapewa madaraka na mfalme yule yule, kwa maana Mwanga, akiwa ameshapata hofu ya machifu wazee, alikuwa anakusanya vijana wenye bunduki katika vikosi vipya. Honorati akawa kiongozi wa askari. Apolo Kagwa, Mwanglikana, ambaye naye alipigwa vikali mwaka ule wa 1886, akaongoza wengine. Wasikilizaji wapendwa, jaribuni kufikiri maana ya kuinamisha kichwa kila asubuhi mbele ya mtu aliyekutenda hivyo, na kupokea amri zake, na kuzitii zile zilizo halali.

Mwezi Septemba 1888 mfalme alitoa amri ya safari ya ziwani. Ikajulikana kwamba nia yake ni kuwapeleka vijana wa dini zote, Wakristo na Waislamu, katika kisiwa, awaache huko bila mitumbwi wafe njaa. Wanaolijua ziwa wanaelewa kifo cha namna hiyo. Vijana wakafika ufukweni, wakakataa kupanda mitumbwi. Hiyo ndiyo siku imani yao kwa mlezi wao ilipokatika hadharani. Wakageuka, wakaiendea ikulu, na Mwanga akaondolewa kitini; akatawazwa ndugu yake Kiwewa.

Je, walifanya kama Daudi? Hatuwezi kusema hivyo moja kwa moja, kwa maana Daudi hakumwondoa Sauli kitini. Lakini hawakumwua. Mwanga alitoroka kwa mtumbwi, akavuka ziwa lote hadi kusini. Alitua Magu, kwa mfanyabiashara Mwarabu ambaye hakumtendea wema, kisha akaponyokea Bukumbi, pale karibu na Kigongo ambapo watu walikuwa wakingoja kivuko cha Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025.

Na Bukumbi aliwakuta akina nani? Machafuko mengine yalikuwa yametokea Buganda mwezi Oktoba. Wakristo walifukuzwa wakakimbilia Nkore chini ya Honorati, na wamisionari wakafungwa, wakaporwa, wakapakiwa katika mashua, wakaja kusini. Padre Lourdel, aliyekuwa amewaombea bure vijana wale wasiuawe mwaka 1886, alikuwa Bukumbi. Askofu Livinhac alikuwa Bukumbi. Walimfungulia mlango mfalme. Hapa kwetu, katika misioni ya zamani kuliko zote za Jimbo Kuu la Mwanza, muuaji wa Karoli Lwanga alipewa mahali pa kulala na wale waliomfundisha Karoli Lwanga.

Vijana waliokuwa ukimbizini nao wakatuma wajumbe kwa Mwanga, kumwita arudi awe mfalme wao. Tusifanye habari hii kuwa safi kuliko ilivyokuwa. Walihitaji mwana wa mfalme wa kuwaunganisha, na hesabu za siasa zilikuwamo. Hata hivyo kulikuwa na mengi ya kusahauliwa, na Honorati alikuwa na mengi kuliko wote. Akafa vitani mwaka 1889, kabla ya mfalme kurudi. Mwezi Oktoba mwaka huo Mwanga aliingia tena Mengo, amerudishwa na watu aliokusudia kuwaacha kisiwani. Twasikitika kuongeza kwamba Wakatoliki na Waanglikana, waliopata nguvu ya kumsamehe mfalme, walipigana wao kwa wao Mengo mwezi Januari 1892.

Turudi sasa katika Injili. Bwana atuambia tuwapende adui zetu, tuwatendee mema wanaotuchukia. Neno hilo limetumiwa vibaya mara nyingi, hata ndani ya Kanisa, na twataka kulisemea hasa kwa ajili ya makatekista. Anakuja binti aliyelelewa na mjomba, au na bosi wake mjini, aliyemlisha, akamvisha, akamlipia ada, kisha akamtenda maovu nyumbani humo. Nasi kwa haraka twamwambia: msamehe, rudi, ni baba yako yule. Tutazame Daudi alifanya nini. Alivuka ng'ambo, akasimama juu ya kilima, mbali, pakawa na nafasi kubwa kati yao. Ndipo akapaza sauti. Sauli alipomjibu akimwita mwanawe na kumsihi arudi, Daudi hakurudi. Hata mkuki hakuupeleka mwenyewe. Alisema aje kijana mmoja auchukue. Maandiko yasema kila mmoja akaenda njia yake. Daudi alimsamehe Sauli kweli, na hakumpa tena nafasi ya kumtupia mkuki.

Kusamehe, basi, si kumrudisha mtoto chini ya paa lile lile. Katekista anayeletewa shauri la namna hiyo atafute kwanza mahali pa usalama kwa binti yule, aende naye kwa ofisa ustawi wa jamii na polisi, na asimfiche mwovu kwa sababu ni mfadhili wa kigango. Msamaha utakuja kwa wakati wake, wala sisi hatuwezi kuutoa kwa niaba ya aliyeumizwa. Na mwenye kulea asidhani kwamba ugali aliotoa umemnunua mtoto.

Mwanga mwenyewe hakudumu. Mwaka 1897 aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa, akakimbilia tena kusini. Safari hii Wajerumani ndio waliomshika na kumweka hapa Mwanza, hata akatoroka kwenda kupigana tena. Alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa Visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa kwa jina la Danieli katika Kanisa la Kianglikana, akafa mwaka 1903, akiwa na miaka thelathini na mitano hivi. Ahadi ya Yakobo Buzabalyawo ya kumwombea ilikuwa imetolewa miaka kumi na saba kabla.

Honorati Nyonyintono hayumo katika hesabu ya watakatifu 22, kwa kuwa alikufa akiwa na silaha mkononi, na hekima ya Kanisa katika jambo hilo twaiheshimu. Tungewaomba tu makatekista wetu, Juni ijayo mtakapowasimulia watoto habari za Namugongo, msiishie kwenye moto. Watajieni na jina lake, na wale walio karibu na Bukumbi wapelekeni watoto wakapaone mahali mfalme alipopokelewa.