Iskanderia, Mji wa Kutazamwa Chini ya Miguu



Leo napenda kusema nanyi juu ya Iskanderia, bandari kubwa ya Misri iliyo kando ya bahari ya Mediterania. Mji huo uliasisiwa mwaka 331 kabla ya Kristo na Iskandari Mkuu, mfalme kijana aliyetoka Makedonia, naye ndiye aliyeupa jina. Baada yake walitawala pale wafalme wa ukoo wa Ptolemy, kisha Warumi, kisha Waarabu, kisha Waturuki. Katika zama zake za kwanza hapakuwa na mji ulioushinda kwa elimu katika nchi zote zilizoizunguka bahari ile.

Lakini mgeni akishuka stesheni leo bila kuambiwa neno, yawezekana akarudi kwao na kusema kwamba ameona barabara, magari, majumba marefu na wingi wa watu, basi. Mnara wa taa uliohesabiwa katika maajabu saba ya dunia haupo. Maktaba ya kale haipo. Kaburi la Iskandari halijulikani lilipo hata sasa. Sababu ni kwamba mji wa leo umejengwa juu ya mgongo wa mji wa kale, na vitu vya thamani vimo ardhini, vimo baharini, na vingine vimetiwa katika kuta za majengo mengine. Kwa hiyo aendaye Iskanderia na atazame chini. Na kila aonapo kitu kilichosalia, aulize ni nani aliyefanya hata kikasalia, maana vingi vilikuwa karibu kupotea.

Tuanze na mnara. Ulisimama katika kisiwa cha Pharos mbele ya bandari, nao ulimalizika yapata mwaka 280 kabla ya Kristo. Kimo chake kilipita futi 300. Usiku moto uliwashwa juu ili manahodha waone njia, kwani pwani ile ni tambarare, haina mlima wala kilima cha kumjulisha baharia kwamba amekaribia nchi kavu. Mnara huo ulidumu zaidi ya miaka 1,500, na kilichouangusha ni matetemeko ya nchi, hasa lile la mwaka 1303.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika hapo mwaka 1326. Alikuta upande mmoja umebomoka, lakini aliweza kuingia. Ameeleza kwamba mlango ulikuwa juu sana kutoka ardhini, na mkabala wake palikuwa na jengo lenye kimo sawa na mlango, na mbao zimelazwa baina ya mawili hayo. Mbao zikiondolewa, hapana awezaye kuingia. Huyu ndiye yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akasifu misikiti ya Mombasa iliyojengwa kwa mbao, na kueleza jinsi watu walivyonawa miguu kwa maji ya visima kabla ya kuingia msikitini. Aliporudi Iskanderia mwaka 1349, mnara ulikuwa umeharibika hata hakuweza kuufikia mlango.

Mwaka 1477 Sultani Qaitbay aliamuru ngome ijengwe pale pale mnara uliposimama, na mawe yaliyoanguka yakatumiwa. Ngome hiyo ingali imesimama, ijapokuwa iliumizwa sana Julai 1882 manowari za Uingereza zilipoupiga mji kwa mizinga, ikabidi itengenezwe. Aliyeiona Fort Jesus ya Mombasa ataijua mara moja ni ya kazi gani, ila hii ya Qaitbay imeitangulia kwa zaidi ya miaka 100. Mtu akipita mlangoni na azitazame nguzo za mawe mekundu zilizopachikwa ukutani; yasadikiwa kwamba zilitoka katika mnara wenyewe.

Mawe mengine yamo majini chini ya ngome. Mwaka 1961 mpiga mbizi mmoja wa Misri, Kamel Abul-Saadat, aliyaona huko masanamu na mawe makubwa, akawaarifu wakubwa wa serikali. Hakuwa mtaalamu, lakini alipoona aliona, wala hakunyamaza. Hata hivyo kazi kubwa haikuanza mpaka miaka ya 1990, na ilianza kwa sababu ya ajabu kidogo. Mawimbi yalikuwa yakiila ngome, na ili kuikinga yalitupwa baharini matofali makubwa ya saruji, nayo yakaanguka juu ya mawe ya kale. Watu walipiga kelele, kazi ile ikasimamishwa, na kuanzia mwaka 1994 wataalamu wakiongozwa na Mfaransa Jean-Yves Empereur walishuka majini wakahesabu vipande kwa maelfu. Mwaka 2025 mawe 22 ya mnara, mengine ya uzito wa tani 70 hadi 80, yaliinuliwa ili yapimwe na kupigwa picha moja moja. Tatizo la mawimbi halikuondoka. Bahari inataka ngome iliyo juu, na kila kinachotupwa kuizuia chaweza kuvunja kilicho chini.

Karibu na ngome ni mtaa wa zamani wenye misikiti, na hapa watu wa mwambao wetu watajiona si wageni sana. Msikiti mkubwa ni wa Abu al-Abbas al-Mursi, mtu wa tarika ya Shadhili aliyezaliwa Murcia katika Andalusia na kufariki Iskanderia karne ya 13. Tarika hiyo ina wafuasi wengi Ngazija na katika pwani yetu. Jengo la sasa lilijengwa karne ya 20 kwa ramani ya Mwitaliano, Mario Rossi. Mkabala wake ni msikiti wenye kaburi la al-Busiri, aliyetunga Burda na Hamziya. Hamziya hiyo ndiyo iliyotiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate zamani sana, hata wasomaji wengi wa Lamu wanaijua kabla ya kujua kwamba mwenyewe amelala Iskanderia.

Katika upande wa kusini-magharibi wa mji imesimama nguzo moja ya jiwe jekundu la Aswan, yenye kimo cha futi 88 hivi pamoja na msingi wake. Wazungu huiita nguzo ya Pompey, lakini haikumhusu. Ilisimamishwa kumheshimu Kaisari Diocletian baada ya kuuzingira mji huo na kuutwaa, mwishoni mwa karne ya 3. Palikuwa na nguzo nyingine mbili za kifirauni zenye ncha kali, zilizoitwa sindano za Cleopatra, lakini ukitaka kuziona sasa hapana budi uende London na New York. Zilichukuliwa moja baada ya nyingine, zikasimamishwa huko mwaka 1878 na 1881.

Si mbali na nguzo hiyo ni Kom el Shoqafa, maana yake Kilima cha Vigae, na kwa maoni yangu kama mtu ana nafasi ya kuona kitu kimoja tu, na aone hiki. Mwaka 1900 punda mmoja alitumbukia katika shimo, na watu walipofuata walikuta makaburi ya watu wa zama za Warumi yaliyochongwa ndani ya mwamba, ghorofa tatu kwenda chini. Ngazi yenye vidato 99 inazunguka kisima kikavu, na katika kisima hicho maiti waliteremshwa kwa kamba. Chini kuna chumba chenye viti vya mawe walimokula jamaa za marehemu walipokuja kuwakumbuka wafu wao. Yasemekana vyombo walivyolia hawakuvirudisha nyumbani, walivivunja pale, na ndiyo asili ya vigae. Ukutani amechongwa Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha bweha, naye amevaa mavazi ya askari wa Kirumi! Waliozikwa pale walishika desturi mbili kwa mkono mmoja.

Adui wa mahali hapo ni maji. Ghorofa ya chini kabisa ilikuwa imezama, na hata ghorofa ya juu yake ikatishwa, mpaka ikawekwa mitambo ya kuvuta maji ya ardhini, kazi iliyokamilika mwaka 2019.

Katikati ya mji, pahali paitwapo Kom el Dikka, wachimbaji kutoka Poland walifukua mwaka 1960 ukumbi wa Kirumi wenye viti vya marmari, na baadaye vyumba vya kusomea zaidi ya 20. Jumba la makumbusho la Wayunani na Warumi lilifungwa mwaka 2005, likafunguliwa tena Oktoba 2023.

Maktaba mpya ilifunguliwa Oktoba 2002 kando ya bahari. Paa lake ni duara lililoinama kuelekea majini, na ukuta wake wa nje umechorwa herufi za mataifa mbalimbali. Mbele yake limesimama sanamu kubwa la mfalme wa ukoo wa Ptolemy, lililotolewa baharini karibu na ngome mwaka 1995. Nalitaja jengo hili kwa jambo moja. Mapema mwaka 2011, wakati wa machafuko ya Misri, polisi walipotoweka barabarani, vijana wa mji walishikana mikono kulizunguka, na vitabu havikuguswa.

Neno la mwisho ni juu ya maji ya kunywa. Iskanderia hauna mto. Tangu kale uliletewa maji ya Nile kwa mfereji, yakawekwa katika mabirika makubwa chini ya nyumba, na baadhi ya mabirika hayo yana nguzo zilizookotwa katika majumba yaliyobomoka. Mfereji ulipojaa matope mji ulidhoofika, hata majeshi ya Napoleon yaliposhuka mwaka 1798 yalikuta mji mdogo wenye watu elfu chache. Muhammad Ali alipochimba mfereji mpya, uliomalizika mwaka 1820, mji ukainuka tena. Mpaka leo wanakunywa maji ya Nile. Atokaye Kairo kwa gari la moshi husafiri saa tatu hivi, naye hufika na kiu. Na akiwa ni mtu wa kwetu Nyanza, bilauri atakayopewa yaweza kuwa na maji kidogo yaliyopita Nzoia au Yala, yakaingia ziwani, yakatoka Jinja.