Neva Iliyobanwa Kisogoni

 

Wekeni kidole kisogoni, pale mfupa unapotokeza. Shukeni vidole viwili hivi, kisha sogeeni kidogo kulia au kushoto. Hapo chini ya ngozi neva kubwa ya kisogo hutoboa msuli mnene wa shingo ikielekea utosini. Kwa baadhi ya watu njia hiyo ni finyu: utando wa msuli huibana, au mshipa wa damu umejisokota juu yake. Mtu huyo ukimbonyeza hapo huruka, na maumivu humpanda hadi nyuma ya jicho. Neva nyingine ndogo hupita juu ya nyusi, ndani ya msuli tunaokunjia uso, na mapanjani.

Upasuaji wa maumivu ya kichwa ninaouzungumzia huzifungulia neva hizo njia. Msuli hupunguzwa, utando hukatwa, fuvu haliguswi. Ulianza kwa bahati tu. Mwaka 2000 Bahman Guyuron, daktari wa kurekebisha maumbile huko Cleveland, Marekani, aliandika kwamba baadhi ya waliokuja kwake kunyooshwa paji la uso walirudi wakisema kipandauso kimewaacha.

Wazo la kuifungulia neva njia si geni hapa kando ya Ziwa Victoria. Bukumbi, hapo Misungwi, kuna makazi ya wazee na watu waliougua ukoma. Ukoma huvimbisha neva ya kiwiko mpaka ikabanwa, na wapasuaji wamekuwa wakiifungulia kwa miongo mingi. Lakini tafiti zilipokusanywa na kupimwa pamoja, haikuthibitika kwamba kisu kinaongeza nafuu juu ya ile inayoletwa na dawa za kutuliza uvimbe. Mpasuaji huiona neva ikilegea mbele ya macho yake, akaamini. Hesabu ni ngumu zaidi kuridhika.

Kwa upande wa kichwa, hesabu ninayoiheshimu ni ya Guyuron mwenyewe, ya mwaka 2009. Wagonjwa walikuwa 75. Kati yao 49 walipasuliwa kikamilifu. 26 walichanwa ngozi, misuli na neva zikafikiwa, kisha wakashonwa vile vile. Mgonjwa hakuambiwa yuko kundi gani. Mwaka ulipopita, 28 kati ya wale 49 walikuwa hawaumwi kabisa. Kundi la pili alikuwa 1 tu. Hapo watetezi hupiga makofi na kufunga kitabu. Mimi naomba tusome mstari unaofuata. Waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa 41 kati ya 49, na 15 kati ya wale 26 ambao hawakufunguliwa chochote.

Kumi na tano! Ni wangapi humu wenye bibi aliyechanjwa chale mapanjani kwa ajili ya kichwa? Wembe, unga mweusi unaosuguliwa kwenye damu, mkono wa mtu anayeaminika. Vijana wa udaktari huzicheka chale hizo. Wangeanza kwa kuitafakari hiyo 15. Kwa hiyo shuhuda za "nilipasuliwa nikapona" hazinitoshi, ziwe za Cleveland au za Mwanza.

Mwaka 2013 chama cha Marekani cha wataalamu wa maumivu ya kichwa kilishauri upasuaji huu usifanywe nje ya utafiti. Wapasuaji wengi hawakukubali. Mimi nasimama na chama, na sababu yangu iko kwenye duka la dawa. Kichwa sugu ni kile kinachouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Mtu wa namna hiyo huku kwetu ameshanunua vidonge vingi kabla ya kumwona daktari. Ukimeza dawa ya kawaida ya maumivu siku 15 kwa mwezi, au ya mchanganyiko siku 10, miezi ikipita dawa yenyewe huzaa kichwa. Kisu hakikati hilo. Wala hakitibu presha, au ile homa ya uti wa mgongo ya fangasi inayowaua watu wenye VVU kwa kuanza kama kichwa tu.

Anayebaki baada ya mchujo huo apewe kwanza sindano ya ganzi pale pale neva inapopita. Arudiwe siku nyingine kwa maji ya chumvi, asijue ipi ni ipi. Maumivu yakiondoka kwa ganzi tu, tena kila mara, hapo mpasuaji ana la kuzungumza.

Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, imepokea wagonjwa wa kanda nzima ya ziwa tangu 1971. Naiomba, pamoja na chuo chake cha afya, ifungue daftari: kila anayechomwa sindano hiyo aandikwe siku anazoumwa kwa mwezi, kabla na baada, kwa miaka mitano. Nafasi za kwanza ziwe za wabebaji wa soko la samaki la Kirumba Mwaloni, wanaoshinda na kata kichwani na magunia ya dagaa juu yake, ambao shingo zao hazijawahi kumshughulisha mtafiti wa Cleveland.